Kabla Hujapiga Windows Upya: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kompyuta Mpakato

Kupiga Windows upya ni kazi ya saa moja, pengine pungufu. Unachomeka flashi, unafuta diski, unabonyeza mara tano sita, unasubiri. Kinachomliza mtu hakitokei ndani ya saa hiyo. Hutokea siku tatu baadaye, anapotafuta mkataba aliousaini mwaka juzi au picha za mtoto alipozaliwa, akakuta vilikuwa mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kupaangalia.

Kuna mama mmoja aliyeniletea kompyuta yake. Nikamuuliza kama amehamisha vitu vyake, akasema ndiyo, folda yote ya Documents. Nikafuta. Hesabu za biashara yake za miaka minne zilikuwa ndani ya C:\ProgramData, folda iliyofichwa, ambako programu yake ya uhasibu iliziweka bila kumwambia. Diski ilikuwa SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka), na SSD ikishafutwa mfumo huiambia isafishe nafasi zile moja kwa moja, kwa hiyo hata programu za kufufua mafaili hazikuokota chochote. Tangu siku hiyo siulizi tena "umehamisha?" Nasema "nionyeshe." Mwongozo huu wote umejengwa juu ya neno hilo.

Jipe siku mbili. Ya kwanza ya kukusanya na kunakili, ya pili ya kuhakiki na kupiga. Anayefanya vyote usiku mmoja huchoka kabla ya kuhakiki, na kuhakiki ndiko hurukwa.

Hakikisha dawa ni hii

Kompyuta ikiwa nzito kwa sababu diski inakufa, mfumo mpya utakuwa mzito vilevile. Pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo uisome hali ya diski. Rangi ya bluu ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ukiona njano au nyekundu, usiendelee na mpango wa kupiga upya. Nakili kwanza vitu vidogo vyenye thamani kubwa, kisha vikubwa, halafu badilisha diski. Diski ya aina hiyo inaweza kuzimika katikati ya kunakili, ndiyo maana mpangilio ni muhimu.

Kama bado una Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wengi wanapofuta sasa wanahamia Windows 11. Hiyo inadai kichakataji kilichomo kwenye orodha ya Microsoft, TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `tpm.msc`, na utaona toleo la TPM ulilonalo. Jua hili leo. Kulijua ukiwa umeshafuta diski kunaumiza.

Na kama sababu yako ni virusi, kuna sharti moja la ziada: usibebe programu. Beba hati, picha, sauti na video tu. Mafaili ya kusakinishia uliyoyapakua zamani, hasa yale ya programu zilizovunjwa leseni, yaache yafe na mfumo wa zamani. Mara nyingi ndiyo yaliyoleta ugonjwa.

Zunguka na daftari

Chukua daftari la karatasi, kwa sababu orodha iliyomo ndani ya kompyuta itafutwa pamoja na kompyuta. Chora safu tatu: kitu, mahali kilipo, na ya tatu iache wazi. Hiyo utaijaza siku ya pili.

Anza na folda yako ndani ya C:\Users. Kabla hujatazama, washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa, maana folda ya AppData haionekani bila hilo. Kisha angalia kama kompyuta inatumiwa na mtu mwingine. Ukiona folda ya jina lisilo lako, mwite mwenyewe akae nawe. Usimwamulie kipi kina thamani.

Halafu fanya jambo ambalo limeniokoa mara nyingi kuliko lingine lolote: tafuta kwa aina ya faili badala ya kutafuta kwa folda. Simama kwenye diski C nzima, andika `*.docx` kwenye kisanduku cha kutafutia, usubiri. Rudia kwa `*.xlsx`, `*.pdf`, `*.jpg`, `*.mp4`, na kwa aina nyingine yoyote unayoitumia kazini. Utaona mafaili yakichomoza kutoka pembe usizozijua, na kila pembe mpya inaingia kwenye daftari.

Kuna vitu ambavyo utafutaji huo hautavionyesha, na hivi ndivyo watu huvipoteza:

Barua pepe. Kama unazisoma kwenye kivinjari tu, ziko kwa mtoa huduma na hazina wasiwasi. Ukitumia Thunderbird, zimo ndani ya AppData\Roaming\Thunderbird, nakili folda hiyo yote. Ukitumia Outlook, tafuta mafaili ya `.pst`. Hayo ndiyo yenye barua zilizohifadhiwa kwenye kompyuta peke yake. Yale ya `.ost` ni kivuli cha kilichopo kwenye seva, yatajitengeneza upya, ingawa barua ambazo hazijawahi kufika kwenye seva zitakwenda nayo.

Kamusi yako ya Word. Anayeandika Kiswahili anaelewa ninachosema: miaka mingi ya kuliambia Word kwamba neno hili si kosa, na lile si kosa. Maneno hayo yote yamo kwenye faili dogo liitwalo CUSTOM.DIC ndani ya AppData\Roaming\Microsoft\UProof. Violezo vyako viko jirani, kwenye folda ya Templates. Vyote viwili havifiki ukubwa wa picha moja.

Data za programu maalumu: uhasibu, stoo, kliniki, shule. Usizisake kwa mkono kama programu yenyewe ina kitufe cha kutoa nakala rudufu. Tumia kitufe hicho, kwa sababu hifadhidata iliyonakiliwa ikiwa wazi inaweza kufika imevunjika. Kisha, kwa usalama, funga programu na unakili folda yake pia, mara nyingi ndani ya ProgramData au moja kwa moja kwenye mzizi wa C.

Kwa waandika programu: folda ya `.ssh`, mafaili ya `.env` ambayo kwa makusudi hayapandishwi Git, matawi ambayo hujayasukuma kwenye seva, na yaliyomo C:\xampp\htdocs. Hifadhidata za MySQL zitoe kwa phpMyAdmin au kwa `mysqldump`. Kubeba tu folda ya data na kutumaini itaamka kwenye toleo jingine ni kucheza kamari.

Vyeti vya kidijitali vya kusainia au kuingilia mifumo ya kazini huhamishwa vikiwa na ufunguo wake wa siri, kama faili la `.pfx` lenye nywila. Fonti ulizoongeza, vijikaratasi vya skrini, michezo iliyohifadhiwa, mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta): viandike vyote, kisha amua kimoja kimoja kama kinakwenda au kinabaki.

Mtego wa wingu

Wengi husema, "Vitu vyangu viko OneDrive," yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Huenda kweli. Lakini nenda kwenye tovuti yake kwa simu au kompyuta nyingine, ufungue mafaili matano uyasome. Nimekuta akaunti iliyojaa miezi minane kabla, ikiwa imeacha kupandisha chochote, na mwenyewe hakuwahi kubonyeza ile alama ndogo ya onyo pembeni mwa skrini.

Kwa upande mwingine, faili lenye alama ya wingu haliko ndani ya kompyuta. Ukilinakili kwenda diski ya nje, Windows italazimika kulipakua kwanza, na intaneti ikikatika linabaki nyuma. Bofya kulia kwenye folda ya OneDrive, uchague yabaki kwenye kifaa daima, subiri yashuke yote, ndipo unakili. Na ukumbuke kwamba huduma ya kusawazisha haitunzi nakala ya akiba kwa maana kamili: ukifuta upande mmoja, upande wa pili hufuata.

Kunakili

Utahitaji diski ya nje yenye nafasi kuzidi vitu vyako. Wapiga picha na mafundi wa data wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa kazi hii, chini kabisa nataka uwe na mbili nje ya kompyuta, kwa sababu ukishafuta, ile ya ndani haihesabiki tena. Diski moja ya nje pamoja na wingu yatosha kwa vile visivyopatikana tena.

Diski D si mahali pengine. Nalisema waziwazi kwa sababu ushauri wa "hamishia D" umezagaa mno. Kwenye kompyuta nyingi, C na D ni vipande viwili vya diski ileile moja. Wakati wa kusakinisha vipande hivyo vinaonekana kama orodha ya namba bila herufi, na kidole kimoja kikikosea mstari, D imekwenda. Diski ikifa, vinakufa vyote viwili.

Angalia pia diski ya nje imefomatiwa vipi. FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu na mashine pepe zitagoma. NTFS inafaa kwa Windows. Chagua exFAT kama diski itatumika pia na Mac. Kubadilisha fomati kunafuta kila kilichomo, hivyo fanya hivyo kabla ya kuweka kitu.

Kuburuta kwa kipanya kunafaa kwa vitu vichache. Kwa folda nzima ya mtumiaji natumia Robocopy, ambayo imo tayari ndani ya Windows. Funga vivinjari na programu zote, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike, ukibadilisha jina na herufi ya diski yako:

`robocopy "C:\Users\Jina" "E:\Nakala\Jina" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt`

`/E` inachukua folda zote hata tupu. `/XJ` inazuia kuingia kwenye njia za mkato za mfumo ambazo humfanya mtu azunguke bila mwisho. `/R:1` na `/W:1` zinaiambia ijaribu tena mara moja tu, baada ya sekunde moja, kwa faili lililogoma. Ikimaliza, fungua ripoti utazame yaliyoshindikana. NTUSER.DAT kushindikana ni kawaida, maana mfumo unalitumia. Hati yako kushindikana si kawaida. Usitumie `/MIR` usiyoielewa: inafuta kule uendako chochote ambacho hakipo ulikotoka.

Kuhusu muda: kwa tundu la USB 2.0 linalobeba kama MB 30 kwa sekunde, GB 200 zitachukua karibu saa mbili. Mafaili madogo maelfu kwa maelfu huenda polepole zaidi. Chomeka chaja na uzime hali ya kulala.

Funguo, nywila na leseni

Watu wengi hunakili folda ya Chrome wakidhani wamebeba nywila. Hapana. Nywila hizo zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows ya zamani, na ukiipeleka folda kwenye mfumo mpya hazitafunguka. Njia ni mbili: washa usawazishaji wa kivinjari na uhakiki kwenye kifaa kingine kwamba zimefika, au zitoe kama faili la CSV. Faili hilo linasomeka na yeyote atakayeliona, kwa hiyo lipeleke kwenye programu ya kutunza nywila kisha ulifute siku hiyohiyo.

Jiulize pia: ukiwa na kompyuta mpya kabisa mkononi, utaingiaje kwenye akaunti yako ya barua pepe? Kama namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu uliyoacha kuitumia, au programu ya kutoa namba imo ndani ya kompyuta unayotaka kuifuta, umejifungia nje. Chapisha namba za akiba za akaunti kuu, uziweke pamoja na daftari.

Sasa usimbaji fiche, yaani kufunga data za diski kwa ufunguo wa siri. Andika `manage-bde -status` kwenye dirisha la amri la msimamizi. Kompyuta nyingi mpya zimefungwa kwa BitLocker (kifunga-diski cha Windows) au usimbaji wa kifaa bila mwenyewe kujua. Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48, na kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyowashia kompyuta. Unaweza pia kuusoma kwa `manage-bde -protectors -get C:`. Uandike. Utasema, kwa nini ikiwa nitafuta diski? Kwa sababu ukigusa mipangilio ya BIOS (programu inayowaka kabla ya Windows) ili kuwasha kwa flashi, kompyuta inaweza kuudai kabla hujafuta chochote, na kama ulikuwa umesahau faili moja, mlango umefungwa.

Leseni ya Windows yenyewe haina shida kubwa. Kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye mara nyingi zina ufunguo ndani ya ubao mama, na leseni ya kidijitali hutambua mashine ikishaingia mtandaoni. Muhimu ni kuandika toleo: Home au Pro. Ukisakinisha Pro penye leseni ya Home haitajiwezesha. Kwa programu nyingine za kulipia, ondoka kwenye akaunti zake ukiwa bado kwenye mfumo wa zamani, hasa zile zinazoruhusu mashine mbili tu. Zisipoachiliwa, zitahesabu kompyuta yako kama ya tatu.

Orodha ya programu zako itoe kwa `winget export -o E:\programu.json`. Baadaye `winget import` itazirudisha nyingi. Zile isizozitambua, ziandike kwa mkono.

Draiva na mtandao

Windows 11 itadai intaneti katikati ya kujitayarisha. Ikiwa haina draiva (programu ndogo ya kuendeshea kifaa) ya Wi-Fi yako, unakwama hapo. Nenda tovuti ya mtengenezaji, ingiza namba ya modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, upakue draiva ya Wi-Fi na ya chipu kuu. Zaidi ya hapo, zihamishe zote zilizopo sasa. Unda folda kwenye diski ya nje, kisha:

`pnputil /export-driver * E:\Draiva`

Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya na kugawa intaneti kwa USB huokoa jahazi mara nyingi hata bila draiva, hivyo weka waya wake karibu.

Kompyuta nyingi zenye kichakataji cha Intel kuanzia kizazi cha 11 zina jambo la ziada. Msakinishaji anaweza kukuambia hakuna diski yoyote, moyo ukaruka. Diski ipo. Imefichwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na inahitaji draiva ya Intel RST. Pakua mapema, ifungue iwe folda yenye mafaili ya `.inf`, uiweke kwenye flashi ya kusakinishia. Diski isipoonekana, chagua kupakia draiva na uielekeze huko.

Flashi

Flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa. Pakua chombo cha kutengenezea flashi ya kusakinishia (Media Creation Tool) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kwa Linux, pakua ISO (faili moja lenye mfumo mzima) kutoka tovuti rasmi, hakiki alama yake ya utambulisho kwa `certutil -hashfile faili.iso SHA256` ukilinganisha na iliyochapishwa, kisha tumia Rufus, programu ya kuiandika kwenye flashi. Halafu jaribu kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo leo, ukiishia kwenye skrini ya kuchagua lugha, kisha zima. Menyu ya kuwashia huwa F12, F9, Esc au kitufe kingine kulingana na mtengenezaji. Kiandike kwenye daftari, pamoja na ukubwa wa diski ya kompyuta.

Wenye Mac njia yao ni fupi: Time Machine kwenye diski ya nje, na kwenye zile zenye chipu ya Apple au T2, kuanzia macOS Monterey, kuna chaguo la kufuta maudhui na mipangilio yote bila flashi. Wenye Linux, folda yenu ya `/home` pamoja na mafaili yanayoanza na nukta, na chochote mlichohariri ndani ya `/etc`.

Siku ya pili: nionyeshe

Peleka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine. Kuiangalia kwenye ileile hakutoshi, kwa sababu unaweza kufungua njia ya mkato inayokurudisha kwenye faili la zamani ukadhani ni nakala. Sasa chukua daftari, pita mstari kwa mstari, na ufungue. Usitazame jina tu. Fungua hati usome ukurasa wa mwisho, cheza video ruka hadi katikati, fungua picha za mwaka wa kwanza na za wiki iliyopita. Nakala ya programu ya uhasibu ijaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine kama inawezekana. Kila kilichofunguka, weka alama kwenye safu ile ya tatu.

Mstari mmoja ukibaki bila alama, hupigi Windows leo.

Vyote vikiwa na alama, toa diski ya nje, iweke chumba kingine, na uondoe kadi na flashi nyingine zote. Kwenye skrini ya msakinishaji iwepo diski ya kompyuta na flashi ya kusakinishia tu. Chomeka chaja. Ukifika kwenye orodha ya vipande, linganisha ukubwa na ulioandika kwenye daftari, futa vipande vya diski hiyo hadi ibaki nafasi tupu moja, ichague, uendelee. Msakinishaji ataunda vipande anavyovihitaji mwenyewe.

Mfumo mpya ukiwaka, kwanza masasisho, kisha draiva zilizobaki, kisha programu, mafaili mwishoni. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, Windows 11 inaweza kusimba diski tena yenyewe, na ufunguo wa tarakimu 48 utakuwa mpya, kwa hiyo futa ule wa zamani daftarini na uandike huu. Rudisha mafaili kwa kunakili, usiyahamishe kutoka kwenye diski ya nje. Nakala ile iache kama ilivyo kwa miezi miwili, maana kuna faili la kila mwisho wa mwezi na la kila robo mwaka ambalo hujalikumbuka bado.